Walioniulizia: Hakuna

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kaka Mkoba,

Barua hii nimeibana chini ya mguu wa cherehani kwa sababu najua hapo ndipo utakapoweka mkono wa kwanza kesho asubuhi. Nimeondoka. Tumbo limefika mahali ambapo siwezi tena kuinama kuokota sindano, na Mkuu wa kitengo amesema nikiinama mara nyingine mbele yake ataniandikia onyo. Kwa hiyo karakana ya viatu, kuanzia kesho mpaka tarehe mbili Juni nitakaporudi, ni yako.

Tumekaa pamoja siku nane tu, lakini nimekuona ukishona. Mtu aliyeshona mikoba miaka ishirini hana la kufundishwa kuhusu ngozi. Unachohitaji kujua ni miguu, na miguu yote ipo kwenye kadi. Kila mteja ana kadi yake, na kila kadi ina kalibu zake mbili za mbao zenye umbo la miguu yake kwenye rafu, ya kushoto na ya kulia, maana hapa kwetu haji mtu ambaye miguu yake inalingana. Wenye miguu inayolingana wananunua dukani.

Sasa kuhusu mimi. Mama yangu amekuja kunisaidia, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua simu yangu akaifungia kabatini pamoja na sukari. Nimemwachia. Najijua. Simu ikilia mtu akaniambia soli imebanduka, nitafika hapo na ndala. Kwa hiyo tutaandikiana. Shangazi wa usafi anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alhamisi akitoka kazini ataniletea barua yako kwenye kikapu chake, na Jumatatu asubuhi atachukua yangu. Barua moja kwa wiki, basi, na iwe na vichwa vitatu tu:

Kilichomalizika.
Kilichokwama.
Walioniulizia.

Hicho cha tatu ni cha heshima tu. Hata wakija mia, wewe andika "hakuna". Nikisikia kuna mtu ananiulizia sitakaa kitako, na Mama ataniona nikipita dirishani.

Gundi usiiache wazi. Kiti changu kina mguu mmoja mfupi, usikitengeneze, nimekizoea.

Dada Fundi


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Dada Fundi,

Kilichomalizika: jozi mbili. Cha kulia cha Mtu wa Posta kimewekwa soli mpya. Viatu vya Mwalimu wa Hesabu vimeongezwa kisigino kama kadi ilivyosema.
Kilichokwama: hakuna kikubwa.
Walioniulizia: hakuna.

Shangazi ametuambia kwamba ulijifungua juzi, mtoto wa kike, na kwamba wote wawili mko salama. Alituambia akiwa na ufagio mkononi, na alifagia pale pale karibu nusu saa. Mke wangu anakupa hongera. Mimi pia, ila mimi sijui kuandika hongera, naona maneno yote yametumiwa na kadi za dukani.

Kiti sijakigusa.

Kaka Mkoba


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kaka Mkoba,

Nimecheka mpaka Mama akaja kunitazama. "Walioniulizia: hakuna." Wakuulizie wewe kwani umepotea? Nilipoandika "walioniulizia" nilikuwa nazungumza mimi, ndugu yangu. Ukiandika wewe unabadilisha, unaandika "waliokuulizia". Lakini acha, endelea hivyo hivyo, kicheko hicho nilikuwa nakihitaji.

Amekuja. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu akifika chumbani kila mtu anasimama. Jina lake la cheti baba yake bado anazunguka nalo. Siku ya pili, Mama alipokwenda kuteka maji ya kumwogeshea, nilichukua utepe wangu nikampima miguu. Sentimita saba na nusu kulia, saba na nusu kushoto. Kaka Mkoba, inalingana. Katika miaka yote ya kazi huyu ndiye mteja wa kwanza ambaye sina la kumfanyia.

Ananyonya. Mimi ni mzima.

Ukifika kwenye kadi ya Mkunga kuwa mwangalifu. Yule anasimama zamu nzima akizalisha watu, na mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa sentimita tatu. Jozi yake mpya inatakiwa mwezi huu, ile ya zamani imekwisha. Nikwambie ukweli, ndiye mteja ninayempenda kuliko wote, ila usimwambie, atavimba kichwa.

Dada Fundi


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Dada Fundi,

Kilichomalizika: jozi nne tangu barua iliyopita. Mzee wa Magongo amepata kiatu chake, ametembea nacho kutoka mlangoni mpaka kwenye rafu na kurudi bila kushika ukuta.
Kilichokwama: kiatu cha Mkunga kinaendelea.
Walioniulizia: hakuna.

Samahani kwa wiki iliyopita kutoandika. Nilikuwa na kazi moja iliyotaka kurudiwa.

Nimeliacha lile neno kama ulivyoagiza.

Kaka Mkoba


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Kaka Mkoba,

Jozi nne. Mimi nikijitahidi natoa tatu kwa wiki mbili, kwa hiyo ama wewe una mikono minne ama mimi nilikuwa napiga soga sana na wateja. Nadhani ni hilo la pili. Mtu wa Posta peke yake huwa ananimalizia asubuhi nzima.

Mimi ni mzima. Mama ameondoka Ijumaa, dada yangu naye anakaribia kujifungua na yeye ni wa mara ya kwanza, kwa hiyo anamhitaji zaidi. Alitaka kubaki, nikamwambia nenda, mimi ni mzima, si unaniona. Kabla hajapanda gari alinirudishia ufunguo wa kabati. Simu nimeiacha humo humo. Baba Mheshimiwa anatoka asubuhi, anarudi jioni, na katikati tupo wawili tu, mimi na yeye, tukitazamana.

Analia sana. Sijui kama watoto wote hulia hivi. Wewe na mkeo mlilea, wa kwenu walilia hivi?

Halafu nilikuwa nataka kuuliza, hivi hivi tu. Hata Mkunga hajaniulizia? Hata Mtu wa Posta? Si kwamba nataka kuja. Nimeuliza tu.

Nimesema mimi ni mzima.

Dada Fundi


Alhamisi, tarehe 27 Machi

Dada Fundi,

Kilichomalizika: jozi mbili na mkanda mmoja wa goti.
Kilichokwama: kiatu cha Mkunga kinaendelea.
Walioniulizia: hakuna.

Swali lako nimelielewa. Naona unanijaribu kama nitashika agizo au nitayumba. Sijayumba. Jibu ni lile lile: hakuna. Mkunga hakuna, Mtu wa Posta hakuna, Mwalimu hakuna. Lala vizuri na mtoto wako. Kazi inakwenda kama vile hukuwahi kuwapo.

Wa kwetu walilia, lakini walikuwa wakishiba wananyamaza. Mke wangu anauliza kama wako akishiba ananyamaza.

Kaka Mkoba


Jumatatu, tarehe 31 Machi

Kaka Mkoba,

Barua yako nimeipata. Ahsante.

Fundi


Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Kwa Mkuu wa Kitengo,

Ninaomba kukatisha likizo yangu ya uzazi na kurudi kazini tarehe 21 Aprili badala ya tarehe 2 Juni.

Mtoto anaendelea vizuri na nimepata mtu wa kukaa naye mchana. Nimearifiwa kwamba karakana inakwenda vizuri bila mimi, na wateja hawana shida yoyote. Ninafurahi kusikia hivyo. Lakini ningependa kuwa kwenye meza yangu mapema, kabla watu hawajasahau kwamba ilikuwa yangu.

Fundi aliyepo sasa ni hodari. Ukipata pa kumpeleka, mpeleke mahali pazuri.

Wako katika kazi,
Fundi wa Viatu


Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Dada Fundi,

Leo vichwa vitatu havitatosha. Nisamehe nikichanganya mambo, mimi nimezoea kuandika kwa sindano.

Jana Mkuu aliniita, akaweka barua yako mezani, akaenda kusimama dirishani mpaka nikamaliza kuisoma. Kisha akaniuliza, "Wewe umemwandikia nini huyu?" Nikamwambia nimeandika alichoniagiza. Akasema nikazionyeshe barua zetu kwa mtu mwenye akili.

Nilimwonyesha mke wangu. Barua zako zote ninazo, nazihifadhi kwenye mfuko wa kadi. Alizipanga mezani jikoni, akazisoma taratibu, na alipofika kwenye ile ya tarehe 24 akaweka kidole. Akaniambia, "Mwanamke aliyejifungua akiandika 'mzima' mara tatu kwenye barua moja, hakuandikii wewe. Anajiambia mwenyewe." Halafu akasoma nakala ya jibu langu, pale nilipoandika kwamba kazi inakwenda kama vile hukuwahi kuwapo. Dada Fundi, tuna miaka ishirini na sita ya ndoa na sijawahi kumwona akinitazama vile. Nilidhani nimeandika jambo zuri. Nilipokuwa nashona mikoba, fundi akisafiri, akarudi na kukuta kazi imekwenda, huo ndio ulikuwa wema mkubwa kuliko wote. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuusoma kama mlango unafungwa.

Nilishika neno lako. Ulisema hata wakija mia niandike hakuna. Nami nikaandika hakuna. Lakini sikuweza kuwaacha wapotee, kwa hiyo kila aliyekuulizia nilimwandika nyuma ya daftari la ngozi, nikidhani nitakupa Juni ukirudi. Nanakili hapa, na neno nalibadilisha kama ulivyonifundisha.

Waliokuulizia:

Mtu wa Posta, mara saba. Mara ya mwisho alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema leo hakuja kwa ajili ya kiatu.

Mwalimu wa Hesabu, mara tatu. Anataka uzito wa mtoto kwa gramu na tarehe, ili achore mstari. Amekwisha tayarisha karatasi yenye miraba.

Mzee wa Magongo, mara mbili. Alisema kile kiatu kimemkaa vizuri, lakini hatakisifu mbele ya watu mpaka wewe ukione.

Mama wa Duka la Maua, mara nne. Alitaka kukutumia shada, nikamkatalia, nikidhani maua ni kuulizia pia. Aliondoka amekasirika.

Yule binti wa mkanda wa mgongo, mara moja, lakini alikaa saa nzima kwenye benchi kukusubiri kwa sababu hakuelewa likizo ya uzazi ni ya miezi.

Wapita njia wawili ambao si wateja. Mmoja alisema wewe hucheka kwa sauti na hajaisikia siku nyingi.

Mkunga, kila Jumanne akitoka zamu. Yeye huuliza swali moja tu: mtoto anashika titi vizuri? Mara ya kwanza nilimjibu kwamba umeandika ananyonya. Mara ya pili nikamjibu kwamba umeandika u mzima. Mara ya tatu alisema, "Sikuuliza ameandika nini." Akaomba nimwelekeze kwenu. Nikamwambia umekataza kusumbuliwa.

Hilo ndilo linaloniuma. Yeye ndiye angekufaa, na mimi nilisimama mlangoni kwa wiki tano kama askari.

Nimalizie na la mwisho, maana nimeshavua shati, sina tena la kuficha. Kiatu cha Mkunga hakiendelei. Nimekifanya mara tatu. Nimefuata kadi, nimefuata kalibu, sentimita tatu ndani ya soli, mshono wa pembeni kama ulivyochora, na kila mara akivaa baada ya siku moja kinambana kidoleni mpaka anachechemea. Haniambii. Namwona kupitia dirisha akienda. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utakuja na ndala, na pia, niseme kweli, kwa sababu niliona aibu.

Ukisema nakwambia usirudi ili mimi nibaki, utakuwa na haki ya kusema hivyo. Ukirudi tarehe 21, mimi naondoka tarehe 20, hilo najua. Kwa hiyo sikwambii urudi wala usirudi. Nakupa tu orodha. Ilikuwa yako tangu mwanzo.

Mkunga nimempa anwani. Nimevunja agizo.

Kaka Mkoba


Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Kaka Mkoba wangu,

Barua yako ilifika Alhamisi saa kumi. Shangazi alinipa mlangoni, akanitazama machoni, akasema, "Hii ni nene." Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwa Mtu wa Posta na kofia mkononi nikakaa chini, sakafuni, hapo hapo karibu na viatu, nikalia mpaka Mheshimiwa mwenyewe akanyamaza kunisikiliza.

Ni mimi niliyeandika "hata wakija mia". Nilisahau. Unaweza kuamini? Nilitoa amri, nikajisahau, halafu nikakaa nyumbani wiki tano nikihesabu watu ambao hawanitaki. Sina la kukulaumu, na wewe usijilaumu. Ningempa mtu mwingine yeyote agizo lile, angelivunja siku ya pili, nami ningefika hapo na ndala kweli, na mtoto mgongoni, akiwa na siku tatu.

Sasa nami nivue shati, kama unavyosema.

Sikuwa mzima. Mheshimiwa alikuwa hashibi. Kila nikimweka titini analitafuna kama mtu anayetafuna kamba, chuchu zikapasuka, na nikimwona anafungua mdomo mimi nakunja vidole vya miguu. Wiki ya nne mizani ya kliniki ilionyesha amepungua. Nesi alikuwa na foleni ndefu, akaniambia nijitahidi. Nijitahidi nini? Nilirudi nyumbani nikafungua maji ya ndoo bafuni ili Baba Mheshimiwa adhani naoga, nikalia. Nikafanya hivyo siku nyingine, na nyingine. Mwenzangu ni mtu mwema, lakini akiniuliza nilimjibu kama nilivyokujibu wewe.

Ikawa hivi kichwani mwangu: nyumbani nina kazi moja tu, kumshibisha mtu wa kilo tatu, na siiwezi. Ile ya kazini ninayoiweza, kumbe hata hawaihitaji. Nikaona angalau nirudi pale ninapojua kushika kisu. Yule "mtu wa kukaa naye mchana" niliyemwandikia Mkuu hayupo. Nilimtunga.

Jumamosi mchana mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamwona Mkunga, ametoka zamu moja kwa moja, na anachechemea. Nilitazama mguu kabla ya uso, unanijua. Nikamwambia, "Hebu vua kiatu hicho." Akanijibu, "Kwanza mtoto, halafu mguu." Akaingia, akanawa mikono, akaketi sakafuni mbele yangu kana kwamba amekuwa akija kila siku.

Hakunihubiria. Alinitazama nikimnyonyesha, mara moja, akaona. Akamgeuza Mheshimiwa tumbo kwa tumbo na mimi, akanisogeza mkono nyuma ya mabega yake badala ya kichwani, akasema tusimsukume, tungoje. "Subiri apige mwayo. Mdomo ujae, si ncha tu." Tukangoja. Akapiga mwayo. Na nikamsikia akimeza, Kaka Mkoba. Wiki tano na nusu nilikuwa sijawahi kusikia sauti ile. Alimeza, akapumzika, akameza, na vidole vyake vilivyokuwa vimekunjwa ngumi tangu azaliwe vikafunguka kimoja kimoja.

Halafu, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa huru na mguu wake ulikuwa pale pale mbele yangu, nikamvua kiatu mwenyewe.

Sasa sikiliza, maana kosa ni langu. Ulimpima saa ngapi? Asubuhi, si ndiyo? Kabla hajaingia zamu. Mguu wa Mkunga asubuhi ni mguu mwingine. Akisimama zamu nzima unavimba, kidole gumba kinakwenda pembeni, na kiatu kilichomkaa vizuri saa moja kinakuwa jela saa kumi. Mimi humpima akitoka zamu, Jumanne, ndiyo sababu huja Jumanne. Sikuandika popote. Kadi inasema sentimita, haisemi saa. Nilidhani nimekuachia miguu yote kwenye kadi, kumbe mmoja nilikuwa nimeondoka nao kichwani.

Mpime kesho akitoka zamu. Kushona kwako hakuna kasoro, mshono wako wa pembeni ni mzuri kuliko wangu, nimeugusa na kuona wivu.

Kuhusu Shangazi, nimegundua pia. Wewe ulimwambia asinieleze nani ananiulizia, mimi nilimwambia asikueleze kwamba macho yangu ni mekundu. Maskini alibeba siri mbili ndani ya kikapu kimoja wiki tano. Leo asubuhi nimemwambia azitue. Ameanza na hajamaliza.

Kwa Mkuu nitaandika nimwombe anirudishie ile barua yangu.

Dada Fundi


Jumanne, tarehe 15 Aprili

Fundi,

Hakuna barua ya tarehe 7 Aprili kwenye faili lako. Nimetafuta sana.

Tunakungoja tarehe 2 Juni. Ukitokea tarehe moja nitakuandikia lile onyo.

Mkuu wa Kitengo


Alhamisi, tarehe 24 Aprili

Dada Fundi,

Kilichomalizika: kiatu cha Mkunga. Nilimpima Jumanne ya wiki iliyopita saa kumi na robo. Upana umezidi wa asubuhi kwa nusu sentimita nzima, sikuamini, nikapima mara mbili. Jana amekivaa zamu nzima. Leo alipita nje ya dirisha akijua kwamba namtazama, na akatembea polepole makusudi ili nione. Kwenye kadi yake nimeandika kwa wino mwekundu: apimwe akitoka zamu. Kisha nikaanza kuwauliza wengine wote saa ambayo miguu yao inawauma. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Wanazungumza sana.
Kilichokwama: maongezi. Natoa jozi moja kwa wiki.
Waliokuulizia: wote. Mwalimu wa Hesabu amepata ile gramu uliyomtumia, amechora mstari, na ameubandika juu ya cherehani. Unapanda. Mama wa Duka la Maua amenisamehe, shada lipo kwenye kikapu cha Shangazi, chini ya barua hii, natumaini halijabonyea.

Kaka Mkoba


Jumatatu, tarehe 26 Mei

Kaka Mkoba,

Wiki ijayo tutaonana, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho kupita kwenye kikapu. Nimeipanga kwa utaratibu, nisije nikaambiwa natoa amri nisizozifuata.

Kilichomalizika: nepi, mara zisizohesabika. Vidonda, vimepona. Jina la cheti, limepatikana, na Mheshimiwa haliitikii. Simu imetoka kabatini, ina sukari kwenye vitufe.

Kilichokwama: mimi. Kila nikifikiria Jumatatu natamani kuja, na kila nikimtazama natamani isifike. Mkunga anasema hiyo haina dawa, nitembee nayo tu. Mama anarudi kukaa naye, safari hii ni mtu wa kweli, sikumtunga. Saa sita Shangazi atanitoa kwenye meza kwa ufagio ili nikamnyonyeshe, na Mkuu ameweka saini.

Kuhusu kiti. Shangazi ananiambia umeanza kukusanya vifaa vyako kwenye mkoba. Virudishe mezani. Nimemwandikia Mkuu kwamba kuanzia sasa nitakuwa nawauliza wateja miguu inawauma saa ngapi, na kwamba kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja anayepiga soga. Hajajibu, lakini Jumamosi Baba Mheshimiwa alipopita hapo aliona viti viwili. Kile chenye mguu mfupi ni changu.

Aliyeniulizia: mmoja. Kila baada ya saa tatu, kwa sauti kubwa, na hajawahi kusikia neno "hakuna". Nimempima tena leo. Tisa na nusu kulia, tisa na nusu kushoto, saa kumi na robo, akiwa ameshiba.

Dada Fundi